Simu Umeiuza, Yaliyomo Umemwachia Nani?

Ndugu mwenyekiti, mama zangu na dada zangu wenye steshenari, mafundi wenzangu, walimu na makarani mliofunga ofisi asubuhi hii mkaja hapa, nawasalimu nyote.

Kompyuta hii mnayoiona mezani si yangu. Ni ya dada mmoja aliyekaa humu ukumbini, na ameniruhusu niieleze mbele yenu ilimradi nisimtaje jina. Imemfanyia kazi miaka saba dukani kwake: barua za maombi ya kazi, kopi, vitambulisho vya kulaminisha, fomu za mikopo ya wanafunzi. Sasa imechoka, amenunua nyingine, na hii ameshaipatia mteja. Karatasi ya bei bado imebandikwa ubavuni, laki moja na themanini. Jana jioni nilimuuliza kama ameisafisha. Akanijibu, "Nimefuta kila kitu, kaka. Hata pipa la taka nimelimwaga."

Tukaiwasha. Kweli, kwenye skrini hapakuwa na kitu, picha ya maua tu. Nikachomeka flashi yangu yenye programu ya kurudisha mafaili, programu ya bure ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuipakua, tukakaa tunakunywa chai. Chai haijapoa, vitu vikaanza kurudi. Picha za vitambulisho vya NIDA, mbele na nyuma. Vyeti vya kuzaliwa. Cheti cha kidato cha nne cha kijana ambaye dada alimtambua kwa jina, mtoto wa jirani yake. Hati ya mauziano ya kiwanja yenye saini za mashahidi watatu. Kisha ikaja karatasi ya majibu ya vipimo vya hospitali, ambayo mtu alikuja kuitolea kopi, akalipa, akaikunja, akaitia mfukoni, akaondoka akiamini ameondoka nayo.

Dada akashika kichwa. Hakuwa amefanya ubaya wowote. Alifanya kama tunavyofanya sote, na ndiyo sababu nimeomba nafasi hii ya kusema nanyi.

Kompyuta ni yake, ameinunua kwa jasho lake, ana haki ya kuiuza. Lakini vilivyomo ndani ni amana. Watu walimkabidhi karatasi zao kwa dakika tano, mashine ikazishika kwa miaka saba. Tumelelewa tukijua kwamba mtu akikuwekea sanduku lenye nguo zake, hata kama sanduku ni lako ulimwazima, huliuzi nguo zake zikiwa ndani. Unazitoa kwanza. Sasa niwaeleze kwa nini kuzitoa humu kunatushinda.

Wengi wenu mmewahi kufika masjala ya ofisi ya serikali. Pale mlangoni pana rejista, daftari kubwa linaloonyesha kwamba faili namba fulani liko rafu fulani. Nyuma yake ndiko ziliko rafu zenyewe. Kompyuta nayo ina rejista na ina rafu. Ukibonyeza kufuta, haiendi rafuni. Inafungua rejista, inapiga mstari juu ya jina la faili, inaandika kwamba nafasi ile iko wazi. Faili lenyewe limekaa palepale, na litakaa mpaka siku itakapokuja kazi mpya inayoitaka ile nafasi. Ndiyo maana kunakili filamu kubwa kunachukua dakika kadhaa, na kuifuta kunachukua sekunde moja. Ile kasi inatokana na kwamba rafuni hakuna aliyefika. Kumwaga pipa la taka ni kupiga mstari uleule mara ya pili. Fomati ya haraka ni kuichana rejista nzima na kuweka mpya isiyo na maandishi, huku nyuma rafu zimejaa kama zilivyokuwa. Mwenye subira atapita rafu baada ya rafu bila kuhitaji rejista, na hivyo ndivyo ile programu yangu ilivyofanya jana.

Jambo hili lina umri mrefu. Mwaka 2003 wanafunzi wawili wa MIT kule Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walichapisha matokeo ya kununua diski 158 zilizotumika, yaani zile rafu zenyewe za kompyuta. Kati ya hizo, 129 zilikuwa bado zinafanya kazi. Unajua ngapi zilikuwa zimesafishwa sawasawa? Kumi na mbili. Walikuta barua za mapenzi, kumbukumbu za matibabu, na namba za kadi za benki zaidi ya 5,000. Diski moja ilionekana imetoka ndani ya mashine ya kutolea fedha huko Illinois. Wenye diski zile wengi walikuwa wamejaribu kufuta. Walipiga mstari kwenye rejista kama dada yetu.

Na msidhani ni watu wadogo tu. Benki ya Morgan Stanley, kati ya benki kubwa kabisa za Marekani, ilitaka kuondoa maelfu ya diski na seva zake za zamani. Ikaipa kazi kampuni ya kuhamisha mizigo ambayo haikuwa na uzoefu wowote wa kuharibu data. Diski zikaishia kwenye mnada wa mtandaoni zikiwa na taarifa za wateja. Mwaka 2020 ikatozwa faini ya dola milioni 60 na msimamizi mmoja wa mabenki, na mwaka 2022 tume ya masoko ya mitaji na dhamana ya nchi hiyo ikaitoza nyingine ya dola milioni 35. Kule Uingereza, mwaka 2012, hospitali za Brighton zilitozwa pauni 325,000 baada ya diski zenye taarifa za wagonjwa kuuzwa mtandaoni. Na Ghana, bandarini Tema, mwaka 2009 wanafunzi wa uandishi wa habari kutoka Kanada walinunua diski sokoni kwa dola 40, wakakuta ndani yake nyaraka za Northrop Grumman, kampuni ya silaha, kuhusu mikataba yake na serikali ya Marekani. Imevuka bahari kwenye kontena la mitumba, imefika Afrika Magharibi, siri zote zipo.

Lakini ipo habari moja inayonisumbua kuliko faini hizo zote. Jeshi la Marekani lilipokuwa Afghanistan lilikuwa na vifaa vya mkononi vya kupiga picha za uso, mboni za macho na alama za vidole. Mwaka 2022 watafiti wa Kijerumani wa klabu ya Chaos Computer Club waliamua kununua vifaa vya namna hiyo kwenye eBay, waone watakuta nini. Kimoja, walichokipata kwa dola 68, kilikuwa na kadi yake ya memori ndani. Kilitumika mara ya mwisho mwaka 2012 karibu na Kandahar. Humo mlikuwa na majina, uraia, picha, alama za vidole na mboni za watu 2,632. Wengine walikuwa wakitafutwa na jeshi, wengine waliwahi kufanya kazi na Wamarekani, wengine walisimamishwa tu kwenye kizuizi cha barabarani. Fikirini kidogo. Nchi imeshabadilisha mikono. Kwa mtu aliyefanya kazi na wageni, jina lake kuonekana kwenye kifaa kile ni suala la kufa na kupona. Nywila mtu anaweza kuibadilisha. Dole gumba habadilishi. Na aliyepaswa kuitoa ile kadi ya memori alihitaji nusu dakika na ukucha wa kidole.

Sasa turudi kwetu, maana kwetu mambo yana sura yake. Miongozo mingi iliyoandikwa Ulaya inamwambia mtu afute data kabla ya kutupa kifaa. Sisi hatutupi kifaa. Simu inanunuliwa Kariakoo, mtaa wa Aggrey, pengine ilishatumika Dubai kabla ya hapo. Baba anaitumia miaka mitatu, anampa mtoto aliyefaulu, mtoto akipata nyingine anampelekea bibi kijijini, kioo kikipasuka inaletwa kwa fundi, fundi akisema haitengenezeki inaachwa palepale kwa elfu tano ya vipuri. Hakuna siku hata moja katika safari hiyo iliyoitwa siku ya kutupa. Kwa hiyo hakuna siku ambayo mtu alikumbuka kufuta. Ninachowaomba ni kwamba kila kifaa kinapobadilisha mikono, hata ndani ya familia moja, hiyo ndiyo iwe siku yenyewe.

Mafundi wenzangu, hapa naomba tusemezane kama ndugu. Kila mmoja wetu ana ile droo. Droo ya simu mbovu, bodi, na vioo vilivyopasuka. Nyuma ya simu kuna karatasi ya selotepu imeandikwa jina la mteja, namba yake, na ule mchoro wa kufungulia, nukta tisa na mstari unaopita. Mwaka jana nilikaa siku nzima nikaichambua droo yangu. Nilichukua zile zilizoachwa kwa muda mrefu, nikazichomeka chaji moja moja. Nyingi ziliwaka. Kioo hakionyeshi kitu, lakini simu inatetema, inaita, inapokea. Mteja alidhani imekufa. Iliyokufa ilikuwa skrini, na chipu ya kuhifadhia data ilikuwa nzima. Nyingine zilikuwa na kadi ya memori bado imekaa mahali pake, na picha za mtoto anatambaa. Nilitoa selotepu zote, nikatafuta wenyewe niliowapata, zilizobaki nikaziharibu chipu. Ile kazi ilinichukua siku moja, na nilipaswa kuifanya miaka mingi kabla.

Kuna msichana mmoja, simtaji wala mtaa wake, aliyepigwa picha siku ya singo. Nyote mnajua pale anapofanyiwa singo haingii mwanamume. Picha zilipigwa kwa simu ya shangazi, za kuweka kumbukumbu, za kutazamwa na wanawake wa nyumba ile. Baadaye simu iliuzwa na kijana wa pale nyumbani. Alifuta picha, moja moja, kwa adabu kabisa. Baada ya wiki chache picha mbili zilionekana kwenye kundi la WhatsApp la watu wasiohusika. Niliitwa na familia niseme kama zinaweza kurudishwa zilikotoka. Haziwezi. Nilikaa barazani kwao nikiwa sina la kuwaambia, na tangu siku ile nikianza kusikia mtu anasema yeye hana cha kuficha, ninamkumbuka yule binti. Alikuwa hana cha kuficha. Alikuwa na cha kusitiri.

Na upande wa fedha. Watu wanadhani wakitoa laini wameondoka na M-Pesa yao. Ni kweli fedha zinafuata laini. Lakini ujumbe umebaki kwenye simu: umepokea kiasi fulani kutoka kwa fulani bin fulani, salio lako ni hili, tarehe hii. Ujumbe wa miaka miwili ni picha kamili ya maisha ya mtu. Unaonyesha ada inalipwa lini, mama kijijini anatumiwa shilingi ngapi, kikoba ni siku gani na mweka hazina ni nani. Mnazijua zile meseji za "ile hela itume kwenye namba hii". Nyingi zinatumwa ovyo ovyo, tunazicheka. Ikija moja yenye jina la mama yako na kiasi kilekile unachomtumia kila mwezi, hutaicheka. Na vitochi pia vimo, msivisahau. Vina majina na meseji vilevile, na vinafutwa kwa kuingia kwenye mipangilio na kurudisha hali ya kiwandani. Nokia nyingi za zamani zikiuliza namba ya usalama, ni 12345 kama hukuibadilisha.

Haya, tufanyeje? Nitaanza na simu, kwa sababu ndizo zinazobadilisha mikono kila siku.

Simu za Android za miaka ya karibuni zinaandika kila kitu kwa usimbaji. Maana yake rafuni karatasi zimeandikwa kwa maandishi ya siri, na ufunguo wa kuyasoma umehifadhiwa pembeni ndani ya simu. Ukirudisha simu hali ya kiwandani, ule ufunguo unateketezwa. Karatasi zinabaki, lakini hakuna atakayezisoma. Simu zinazotoka kiwandani na Android 10 kwenda juu zote zimelazimishwa kusimba, na nyingi za toleo la 6, la mwaka 2015, zilishaanza. iPhone zimekuwa nao muda mrefu. Kwa simu hizi, kurudisha hali ya kiwandani kunatosha kwa mtu wa kawaida, mradi uwe ulikuwa umeweka PIN. Kwa zile za zamani zaidi, hapana. Mwaka 2015 watafiti wa Cambridge, Laurent Simon na Ross Anderson, walijaribu simu 21 za Android za mtumba, za matoleo ya 2.3 hadi 4.3, zilizorudishwa hali ya kiwandani. Walipata meseji, picha, na kwenye nyingi kati ya hizo wakapata hata tokeni ya kuingilia akaunti ya Google ya mwenyewe. Ukiwa na simu ya umri huo, ingia kwenye usalama uisimbe kwanza, ndipo uirudishe kiwandani. Ikikataa kusimbwa, irudishe kiwandani, kisha iweke irekodi video ya ukuta mpaka ijae kabisa, halafu irudishe tena. Ile video imepita rafu karibu zote na kuandika juu yake.

Kabla ya hayo yote kuna mpangilio, na watu wanauvuruga. Hifadhi kwanza unavyovitaka. Usikae kufuta picha moja moja kwenye simu iliyounganishwa na akaunti yako ya Google, kwa sababu utafuta na zile zilizohifadhiwa kule mtandaoni, halafu utakuja kulia kwangu. Toa laini. Toa kadi ya memori, maana mara nyingi kurudisha kiwandani hakuigusi. Kisha nenda kwenye akaunti uiondoe ile ya Google, na kwa iPhone zima kipengele cha kuitafuta simu na utoke kwenye akaunti ya Apple. Hili la akaunti lina madhara yake likisahaulika. Simu itamuuliza mnunuzi nywila yako. Mnunuzi atakupigia saa tatu usiku, atakulalamikia kwamba umemuuzia simu iliyofungwa, na wewe kwa aibu utamtajia nywila. Ile nywila ndiyo inayofungua barua pepe yako, na barua pepe ndiyo inayofungua kila kitu. Nimeshuhudia mtu anaitaja kwa sauti, herufi moja moja, akiwa kwenye daladala.

Ukimaliza, iwashe. Ikikusalimu kama simu mpya, inakuuliza lugha, hapo ndipo umkabidhi mtu.

Kompyuta sasa. Diski ya kuzunguka, ile ya zamani inayosikika ikiwa kazini, dawa yake ni kuandika juu. Unaiagiza programu ianze rafu ya kwanza mpaka ya mwisho ijaze sifuri kila ukurasa. Mtasikia watu wanasema lazima mara saba, wengine mara 35. Hiyo 35 ilitokana na makala ya Peter Gutmann ya mwaka 1996, kwa diski za enzi zile. Mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, wa mwaka 2014 unaeleza kwamba kwa diski za sasa kupita mara moja kunatosha kumzuia hata mwenye maabara. Kama hutaki programu ya pembeni, Windows 10 na 11 zina sehemu ya kuweka kompyuta upya. Chagua kuondoa kila kitu, halafu usiishie hapo: fungua mipangilio ya ziada uwashe ile ya kusafisha hifadhi. Bila hiyo, imerudia kupiga mstari kwenye rejista.

SSD, ile diski ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka ndani, ina tabia nyingine. Ndani yake mna karani wake mwenyewe. Rafu za SSD huchoka zikiandikwa mara nyingi, kwa hiyo yule karani anahamisha kazi huku na huko ili rafu moja isichoke kabla ya nyingine. Ukimwambia aandike juu ya rafu ya tatu, anaitikia vizuri, anaandika rafu ya saba, na ile ya tatu anaiacha na karatasi zake. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walionyesha kwamba mbinu za kufuta faili mojamoja zilizotengenezwa kwa diski za kuzunguka hazifanyi kazi kwa SSD. Ya kutumia ni amri ya kufuta iliyomo ndani ya SSD yenyewe, ambayo watengenezaji wengi wanatoa programu yake bure, au kuwa uliisimba tangu siku ya kwanza. Kwa ofisi yoyote inayonunua kompyuta leo, ningeanza na kusimba. Siku ya kuiuza kazi inakuwa nyepesi, na ikiibiwa, usiku una usingizi.

Mashine ya fotokopi ndiyo watu hawaamini. Zile kubwa za ofisini, nyingi zilizotengenezwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, zina diski ndani kama kompyuta. Kila karatasi unayoiweka kwenye kioo inapigwa picha, na picha inaweza kukaa humo. Mwaka 2010 kituo cha televisheni cha CBS kilinunua mashine nne zilizotumika huko New Jersey, kama dola 300 kila moja. Moja ilikuwa imetoka kitengo cha polisi wa Buffalo kinachoshughulikia makosa ya kujamiiana. Nyingine ilitoka kwa kampuni ya bima ya afya, Affinity Health Plan, na ilikuwa na kurasa za matibabu ya watu. Kampuni hiyo iliikodi mashine na kuirudisha bila kuifuta, na mwaka 2013 ikalipa zaidi ya dola milioni 1.2. Mashine za namna hiyo zinaletwa kwetu zikiwa mtumba, tunazinunua, tunazitumia, tunaziuza. Mwenye steshenari akitaka kuuza yake amwite fundi aangalie kama ina diski. Ikiwa nayo, aifute kwenye menyu ya msimamizi, au aitoe abaki nayo.

Na kifaa kisichowaka? Hapo ni nyundo, lakini nyundo yenye akili. Toa betri kwanza. Betri ya lithiamu ikitobolewa inawaka moto mikononi mwako, na moto wake si wa kuzima kwa kikombe cha maji. Kwenye simu, fungua bodi uivunje chipu ya kuhifadhia data. Kupasua kioo ni kujichosha. Kwenye diski ya kompyuta, toboa zile sahani za ndani kwa drili. Za laptopu nyingi ni za kioo, zinasambaratika, kwa hiyo vaa miwani. Kuburuza sumaku ya spika juu ya diski kumesifiwa sana mitaani, ila hakufuti, na kwa SSD na flashi sumaku haifanyi lolote kabisa. Usichome moto. Moshi wa plastiki na bodi unavutwa na watoto wa jirani. Dunia nzima, mwaka 2022, ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na kiasi kilichothibitika kukusanywa na kurejelezwa vizuri ni asilimia 22.3 tu. Tafuteni wakusanyaji wenye kibali, ila futeni kwanza. Kibali chao ni cha taka.

Niseme kidogo kuhusu sheria, maana ipo. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Wenzetu Kenya wana yao ya mwaka 2019. Zote mbili zinamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde na asikae nazo kuliko anavyozihitaji. Shule inayofungua fomu za wanafunzi, zahanati, saccos, ofisi ya kata, mmo. Walimu wakuu, mkigawa kompyuta za zamani kwa shule nyingine, naomba barua ya makabidhiano iwe na mstari unaosema nani alifuta, tarehe ngapi, kwa njia gani. Mtu akijua atatia saini, atafuta kweli. Na kwa dada zangu wa steshenari, msisubiri miaka saba. Kila jioni kabla ya kufunga duka, safisheni folda ya vilivyopakuliwa, na mtoke kwenye WhatsApp ya kompyuta. Mteja akikutumia kitambulisho kwa WhatsApp, kikishachapwa kifute mbele yake, akione kinaondoka.

Nimemaliza ya kusema. Dada yetu amekubali tuanze na hii yake. Nimeshaandaa flashi ya kuwashia, diski yake ni ya GB 500 ya kuzunguka, itachukua kama saa mbili. Dada, kabla sijabonyeza: picha za wanao umeshazihamisha? Umezifungua kwenye ile mpya ukaziona? Vizuri. Anayekaa karibu na swichi ya ukutani naomba aiangalie isizimwe. Wenye simu za kuuza jipangeni upande wa dirishani, mafundi watatu watawasaidia, na kila mmoja aje na nywila yake kichwani aiandike mwenyewe.